Kufunga Choo kwa Watoto Wachanga: Dalili, Sababu na Namna ya Kumsaidia Mtoto

Miongoni mwa mambo yanayowatia wazazi wasiwasi katika mwaka wa kwanza wa mtoto ni choo chake. Mtoto akiharisha, kila mtu nyumbani hutambua kwamba ni mgonjwa. Lakini mtoto akikaa siku 3 au 4 bila kwenda haja kubwa, maoni hugawanyika: bibi husema ana chango, jirani hushauri apewe maji, na mwingine hukimbilia duka la dawa. Aghalabu mtoto mwenyewe huwa mzima kabisa. Mara chache, hata hivyo, huwa na ugonjwa mkubwa unaohitaji upasuaji, na siku zinazopotea kwa dawa za kubahatisha ndizo siku ambazo angeweza kuokolewa.

Somo hili limekusudiwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari. Mwanafunzi wa leo ndiye anayembeba mdogo wake mgongoni, na kesho huenda akawa mzazi. Aidha, jambo hili dogo la nyumbani linakusanya pamoja mafunzo mengi ya darasani: mmeng'enyo wa chakula, osmosisi, kemia ya sabuni, kazi ya neva na ukuaji wa mimba.

1. Maana ya kufunga choo

Watu wengi hupima kufunga choo kwa kuhesabu siku. Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kipimo cha kwanza ni hali ya choo chenyewe: je, ni laini au ni kigumu? Mtoto aliyefunga choo hutoa kinyesi kikavu, ama vidonge vidogo mfano wa samadi ya mbuzi, ama bonge kubwa linalomwumiza wakati wa kutoka. Mtoto ambaye hakupata choo kwa siku 5, kisha akapata choo laini bila maumivu, hakufunga choo.

Mwaka 2016 wataalamu wa maradhi ya tumbo wa mataifa mbalimbali walikubaliana juu ya dalili za kutumia kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 4. Dalili hizo ni kwenda haja mara 2 au pungufu kwa juma. Kuzuia choo kupita kiasi. Choo kigumu au chenye maumivu. Choo kinene kuliko kawaida. Na bonge kubwa la kinyesi linaloonekana kubaki katika puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mtoto huhesabiwa kuwa na tatizo la kudumu akiwa na dalili 2 au zaidi kwa muda wa mwezi 1. Tazama kwamba idadi ya safari ni dalili moja tu kati ya hizo.

2. Kwa nini kinyesi hukauka?

Chakula kikishameng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba, mabaki yake huingia katika utumbo mpana yakiwa majimaji. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi na kuvirudisha mwilini. Misuli ya kuta zake hujikaza na kulegea kwa mawimbi, ikiyasukuma mabaki kuelekea kwenye puru. Safari ikienda kwa mwendo wa kawaida, kinyesi hufika mwisho kikiwa bado laini. Safari ikichelewa, ufyonzaji wa maji huendelea saa baada ya saa.

Hesabu ndogo itatuonyesha uzito wa jambo hili. Kinyesi laini kina maji kiasi cha asilimia 75. Tuseme kuna gramu 100 za kinyesi: gramu 75 ni maji na gramu 25 ni vitu vikavu. Utumbo ukifyonza gramu 25 za maji, hubaki gramu 75, ambazo kati yake 50 ni maji. Yaani maji yameshuka hadi asilimia 67 hivi. Ukifyonza gramu 25 nyingine, hubaki gramu 50, nusu maji na nusu vitu vikavu. Vitu vikavu havikuongezeka hata gramu moja, lakini kinyesi kilichokuwa laini sasa ni kigumu.

Hapo ndipo mzunguko mbaya unapoanza. Choo kigumu humwumiza mtoto. Mtoto aliyeumia hujibana ili kisitoke tena. Kinyesi kinachozuiwa hukaa zaidi, hukauka zaidi, na safari inayofuata huumiza kuliko ya kwanza. Kwa hiyo kumsaidia mtoto mapema si suala la kumpunguzia kero tu, bali ni kuukata mzunguko huu kabla haujakomaa.

3. Choo cha kawaida katika miezi ya mwanzo

Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi au kijani kilichokolea, nacho hunata kama lami. Ni mabaki ya majimaji aliyomeza tumboni mwa mama, pamoja na seli zilizobanduka na nyongo. Watoto wengi waliotimiza miezi yao hukitoa katika saa 24 za kwanza, na karibu wote huwa wamekitoa kabla ya saa 48. Saa hizo zina umuhimu mkubwa, nasi tutazirudia katika sehemu ya 7.

Baada ya siku chache choo cha mtoto anyonyaye huwa cha rangi ya manjano, laini, wakati mwingine chenye chembechembe. Katika majuma ya kwanza anaweza kwenda haja kila anaponyonya. Jambo hili lina sababu yake: tumbo linapopokea maziwa, neva huuamsha utumbo mpana usukume kilichomo.

Mtoto anyonyaye akishapita majuma 6 hivi, mara nyingi choo hupungua ghafla. Anaweza kukaa siku kadhaa, hata juma zima, kisha akapata choo laini na kingi. Ikiwa ananyonya vizuri, anakojoa, anacheza na anaongezeka uzito, hana ugonjwa wowote wala hahitaji dawa. Maziwa ya mama humeng'enywa kwa ukamilifu kiasi kwamba mabaki huwa kidogo.

Lakini katika mwezi wa kwanza hali ni tofauti. Choo kuwa haba katika umri huo huweza kuwa ishara kwamba mtoto hapati maziwa ya kutosha. Njia nyepesi ya kupima ni mkojo: baada ya siku ya 5 mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Zikiwa chache, apelekwe kliniki akapimwe uzito, na mama asaidiwe namna ya kumpakata na kumnyonyesha.

Kuna pia mtoto ambaye hujikakamua, akawa mwekundu usoni au akakunja uso, akalia dakika 10 au zaidi, kisha akatoa choo laini. Huyu hakufunga choo. Ili choo kitoke, misuli ya tumbo hupaswa kusukuma wakati ileile ambapo misuli ya chini ya nyonga inalegea. Mtoto mchanga hajajifunza bado kuoanisha kazi hizi mbili. Anasukuma huku amefunga mlango. Hali hii huisha yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Kumchokoa kwa pamba, kijiti au kipimajoto ili atoe choo kunamchelewesha kujifunza.

4. Maziwa na kemia ya sabuni

Watoto wanaonyweshwa maziwa ya kopo hupata choo kigumu zaidi kuliko wanaonyonya. Sababu mojawapo twaweza kuieleza kwa kemia ya kidato cha tatu.

Mafuta yaliyo katika chakula yana molekuli zenye gliseroli moja na asidi mafuta tatu: mbili pembeni na moja katikati. Kimeng'enya kitokacho katika kongosho hukata zile mbili za pembeni na kuiacha ya katikati ikiwa imeshikamana na gliseroli. Katika maziwa ya mama, asidi ya palmitiki hukaa zaidi katika nafasi ya katikati. Kwa hiyo hufyonzwa pamoja na gliseroli bila taabu. Katika mafuta ya mawese, ambayo hutumika katika aina nyingi za maziwa ya kopo, asidi hiyo hukaa zaidi pembeni. Ikishakatwa hubaki huru, ikakutana na kalisi iliyomo katika maziwa, nazo zikaungana kuwa sabuni ya kalisi isiyoyeyuka katika maji.

Kila aliyefua nguo kwa maji ya kisima cha mwambao, penye miamba ya matumbawe, ameiona sabuni hiyo. Ni ule utando mweupe unaoelea juu ya maji magumu, na ndio unaofanya povu lisitoke upesi. Ndani ya utumbo, utando wa namna hiyo hukifanya kinyesi kiwe kigumu, na mtoto hupoteza mafuta na kalisi ambavyo vingemjenga.

Maziwa ya mama yana hazina nyingine. Kila lita ina gramu kadhaa za sukari changamano ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Sukari hizo hufika salama katika utumbo mpana, zikawa chakula cha bakteria wema. Bakteria hao waligunduliwa na Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, mwishoni mwa karne ya 19, katika kinyesi cha watoto wanyonyao. Huzigeuza sukari hizo kuwa asidi nyepesi, na choo hubaki laini.

Ama maziwa ya ng'ombe, yana protini kiasi cha gramu 3.3 katika kila mililita 100, ilhali ya mama yana gramu 1 hivi. Kalisi yake ni kiasi cha miligramu 120, ya mama ni 30 hivi. Maziwa hayo yamekusudiwa ndama, ambaye hukua kwa kasi kubwa. Yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla hajatimiza mwaka 1.

5. Wakati wa kuanza vyakula vingine

Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limeshauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6. Ndipo vyakula vingine huanza, na kipindi hiki ndicho ambacho watoto wengi hufunga choo kwa mara ya kwanza.

Mtoto aliyezoea maziwa anapewa ghafla uji mzito wa sembe mara tatu kwa siku. Sembe imekobolewa, hivyo nyuzinyuzi nyingi zimebaki kinuni au kwenye mashine. Uji mzito una maji machache, naye mtoto hunyonya mara chache kwa kuwa ameshiba. Hivyo utumbo wake unapata wanga mwingi, maji kidogo na nyuzinyuzi haba. Kosa si uji, bali ni uji peke yake. Mtoto achanganyiwe vyakula: papai au embe bivu lililopondwa, parachichi, mchicha uliopikwa na kusagwa, maharage yaliyopondwa vizuri, naye aendelee kunyonya.

6. Namna ya kumsaidia mtoto

Msaada hutegemea umri na chakula cha mtoto. Kabla ya yote, mzazi ahakikishe kwamba hakuna dalili ya hatari miongoni mwa zile zilizotajwa katika sehemu ya 7.

(a) Mtoto anyonyaye maziwa ya mama pekee, chini ya miezi 6. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Asipewe maji wala maji ya sukari. Tumbo lake ni dogo. Maji hushika nafasi ya maziwa, na yakiwa machafu humletea kuhara. Yakizidi huzimua chumvi ya damu hadi mtoto akapata degedege. Akitoa choo kigumu ingawa ananyonya tu, jambo hilo si la kawaida, apelekwe kliniki.

(b) Mtoto anyweshwaye maziwa ya kopo. Kwanza uchunguzwe uchanganyaji. Maji yapimwe kwanza, kisha unga, kwa kijiko kilichomo katika kopo hilohilo, kilichosawazishwa, si cha kilima. Unga ukizidi, maziwa huwa mazito na choo hukauka. Haifai pia kuongeza maji kupita kipimo, kwa maana mtoto atadhoofu. Mhudumu wa afya anaweza kushauri maji kidogo yaliyochemshwa na kupozwa, kati ya mlo na mlo.

(c) Mtoto wa miezi 6 na zaidi. Apewe maji safi kidogo kidogo pamoja na chakula, aongezewe matunda na mboga zilizopondwa, na uji upunguzwe uzito.

(d) Kwa watoto wote. Mtoto alazwe chali, miguu yake ichezeshwe taratibu kama mwendesha baiskeli. Tumbo lipapaswe polepole kwa mkono wenye joto, kwa kuzunguka kitovu kufuata mwendo wa mishale ya saa, ambao ndio mwendo wa utumbo mpana. Kumwosha kwa maji ya uvuguvugu humlegeza misuli.

Haya yasipofaa, mhudumu wa afya anaweza kumwandikia dawa. Mojawapo ni laktulosi, sukari iliyoundwa kwa galaktosi na fruktosi. Utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kuivunja. Hivyo hufika katika utumbo mpana na, kwa njia ya osmosisi, huyashika maji yasifyonzwe yote. Dawa hii inalainisha choo kwa kanuni ileile inayoeleza kwa nini kiazi kilichonyunyiziwa chumvi hutoa maji.

Mambo yafuatayo yasifanywe kamwe. Asitiwe kipande cha sabuni katika njia ya haja kubwa, kwani magadi yake huunguza ngozi laini ya ndani. Asiingizwe maji ya dawa za mitishamba kwa njia hiyo, wala asinyweshwe mafuta ya mbarika au dawa za kuharisha za watu wazima. Asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka 1. Asali huweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo huota katika utumbo wa mtoto na kutoa sumu ya neva. Ugonjwa huo wa watoto wachanga ulitambuliwa California mwaka 1976, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni kufunga choo. Mzazi anayempa mtoto asali ili afungue choo huenda akamletea kile alichotaka kukiondoa.

7. Dalili za hatari

Mtoto apelekwe hospitali bila kungoja iwapo:

– amezaliwa na saa 24 zimepita bila choo cha kwanza; zikifika 48 jambo ni la haraka mno;
– anatapika majimaji ya kijani;
– tumbo limevimba na kuwa gumu;
– choo kina damu, au damu iliyochanganyika na kamasi;
– anakataa kunyonya, ana homa, au uzito hauongezeki;
– amelegea, analia kwa sauti hafifu, au hawezi kufyonza ziwa;
– amefunga choo tangu siku za kwanza za maisha yake.

Ukavu wa choo pamoja na umanjano usiokwisha, ulimi mkubwa na sauti nzito ya kulia huweza kuonyesha kwamba tezi ya shingoni iitwayo thairoidi haitoi homoni ya kutosha. Ugonjwa huo ukitibiwa mapema mtoto hukua na akili timamu. Ukicheleweshwa, madhara ya ubongo hayarudishiki.

Kuhusu choo cha kwanza kilichochelewa, historia ina funzo kubwa. Mwaka 1886 Harald Hirschsprung, tabibu wa watoto wa Copenhagen, aliwaeleza wenzake mjini Berlin habari za watoto wawili waliokufa wakiwa wamefunga choo tangu kuzaliwa. Utumbo wao mpana ulikuwa umetanuka ajabu, na kwa muda mrefu matabibu waliamini kwamba ile sehemu iliyotanuka ndiyo mbovu. Kweli ilikuwa kinyume chake. Sehemu iliyotanuka ilikuwa nzima; ilivimba kwa kushindana na kizuizi. Mbovu ilikuwa sehemu nyembamba ya chini, iliyokosa seli za neva. Mimba inapokua, seli hizo huhama kutoka juu ya njia ya chakula kuelekea mwisho wake. Zisipofika, kipande cha mwisho hubaki kimejikaza daima. Mwaka 1948 Orvar Swenson na Alexander Bill wa Boston walitangaza upasuaji wa kukiondoa kipande hicho na kuunganisha utumbo mzima na njia ya haja. Ugonjwa huu humpata mtoto 1 katika kila 5,000 hivi, na zaidi wavulana. Leo watoto wengi wanaowahishwa hupona.

8. Jaribio la darasani

Vifaa: unga wa mahindi, mizani, silinda ya kupimia, vikombe 3 na mifuko 3 midogo ya plastiki.

Pima gramu 25 za unga katika kila kikombe. Ongeza maji mililita 75 katika kikombe cha kwanza, 50 katika cha pili, na 25 katika cha tatu, koroga. Tia kila mchanganyiko katika mfuko, kata pembe moja kwa tundu la upana uleule, kisha kamua. Linganisha nguvu inayohitajika. Unga si kinyesi, lakini mfuatano wa ugumu utaonekana wazi, ilhali vitu vikavu ni vilevile.

Maswali

1. Kinyesi cha gramu 80 kina maji asilimia 75. Utumbo ukifyonza gramu 30 za maji, asilimia ya maji itakayobaki ni ngapi?
2. Eleza kwa nini sabuni ya kalisi hutokea zaidi kwa mtoto anyweshwaye maziwa ya kopo yenye mafuta ya mawese.
3. Mtoto wa miezi 3 anayenyonya tu hajapata choo kwa siku 6. Anacheza, anakojoa vizuri na tumbo lake ni laini. Utamshauri nini mama yake, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini matabibu wa kwanza walidhani sehemu iliyotanuka ya utumbo ndiyo yenye ugonjwa? Taja chombo au kiungo kingine ambacho athari huonekana mbali na chanzo chake.
5. Ulizeni nyumbani ni dawa gani za chango hutumika mtaani au kijijini kwenu. Zipangeni katika makundi matatu: zisizo na madhara, za mashaka, na za hatari, kisha toeni sababu kwa kila moja.